Mkanda wa Matundu Saba

Mtaani kwetu wananiita Gundi. Sikujipa jina hilo, ila sikulikataa pia, na mtu akilitaja mbele ya mgeni mimi huinua kichwa kidogo. Nina miaka ishirini na sita kwenye kibanda cha viatu. Soli niliyoigandisha mimi haibanduki mpaka kiatu chenyewe kitupwe. Sasa nisikilizeni vizuri: mtu huyohuyo, mwenye jina hilohilo, alishindwa kugandisha kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti kwenye mkono wake mwenyewe.

Kidude hicho ni cha kupima sukari. Kinabandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, na chini yake kina kijiuzi chembamba kama unywele kinachozama kwenye ngozi na kusoma sukari saa zote. Sukari ikishuka, simu yangu inalia, na simu ya mke wangu inalia hukohuko aliko. Sista wa kliniki anakiita kihisi. Mimi nilikiita kidude tangu siku ya kwanza, na nadhani kilisikia kikanuna.

Nilipewa kwa sababu mwili wangu umeacha kunionya. Zamani sukari ikishuka nilitetemeka, nikatoka jasho, nikajua mambo si mambo. Siku hizi nazimika tu. Mara ya mwisho nilizimika nikiwa na kisu cha ngozi mkononi, nikaangukia mguu wa mteja, naye alikuwa bado amevaa kiatu, Mungu ambariki. Kuanzia siku hiyo mke wangu aliomba likizo ya mwezi mmoja isiyo na malipo, akawa anakuja kibandani kila asubuhi, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunitazama usoni kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

"Unaonaje?" ananiuliza.

"Naona vizuri."

"Sikuulizi macho. Kichwa kikoje?"

"Kipo."

Yeye ni mfuaji wa hoteli: mashuka, foronya, taulo. Kibanda changu peke yake hakitulishi; mshahara wake ndio kodi ya nyumba na ndio insulini yangu. Likizo ilikuwa inaisha Jumatatu, na msimamizi wake alishamwambia kwamba asipoonekana siku hiyo, nafasi ina watu wengi wanaoingoja. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi hata kwa kichwa changu. Kidude kikikaa mkononi, mke wangu anarudi kazini. Kikibanduka, anabaki kwenye ndoo, na sote wawili tunaondoka kwenye nyumba.

Kliniki walitupa vitatu. "Vitatu tu," sista alisema. "Kimoja kinakaa wiki mbili. Hivi vikiharibika, hapa nina orodha ya watu wanaosubiri."

Nikacheka kidogo. Kuharibika? Kwangu mimi?

*

Siku ya kubandikwa cha kwanza, sista alipitisha kidole kwenye mkono wangu, akakitazama kidole chake.

"Baba, umejipaka mafuta leo?"

"Sista, mtu mzima atoke nyumbani amepauka?"

Akaniosha kwa sabuni, akakausha, akapangusa kwa spiriti, akasubiri. Alivyosubiri! Kisha akabandika, akabonyeza kwa kiganja, akazungushia plasta nyembamba ya duara juu yake. Akaanza kuniusia: usipake mafuta karibu, usilalie mkono huu, usikibane na kitu, plasta ikianza kunyanyuka usiihangaikie, njoo nikuongezee nyingine. Nilimsikiliza kwa heshima zote, kama mwalimu mkuu anavyomsikiliza mtoto wa chekechea akimweleza habari za shule.

Tulipofika nyumbani nikaibandua ile plasta.

"Umeitoa ya nini?" mke wangu akauliza.

"Ni za watoto hizi. Wateja watanionaje?"

"Wateja wanatazama viatu vyao."

Siku ya pili kikapotea. Simu zikawa zinasema hazikioni. Tulipekua kibanda kizima, mke wangu akiwa amepiga magoti kwenye vipande vya soli, mpaka mlinzi wa benki aliporudi akichechemea.

"Fundi, umeniachia msumari ndani ya buti."

Nikaingiza mkono, nikakitoa. Kilikuwa kimebonyea, na kile kijiuzi kimejikunja. Mlinzi akakiangalia, akaniangalia, akauliza kama ni kitu cha kunukishia buti. Nikamwambia ndiyo. Mke wangu alijipangusa magoti. Akakaa tena kwenye ndoo yake, na hilo lilinichoma kuliko matusi.

*

Cha pili nilikiharibu kwa ujuzi. Hili nataka lieleweke, kwa sababu cha kwanza kilikuwa uzembe, lakini hiki kilikuwa na elimu ndani yake.

Kila fundi viatu anajua: kitu laini hakishiki. Kwanza unakwaruza kwa msasa, unafuta vumbi, unapaka gundi pande zote mbili, unasubiri ikauke nusu, ndipo unakutanisha na kugonga. Mke wangu alinikuta chumbani nimekunja shati, nimeuma ulimi, nahangaika kuufikia mkono wangu kwa nyuma.

"Unafanya nini?"

"Natayarisha ngozi."

"Ngozi ya nani?"

"Yangu."

"Kwa msasa?"

"Ni msasa laini," nikamwambia.

Akaunyakua. Alidhani balaa limekwisha, maskini, hakujua kwamba kopo la gundi lilikuwa mfukoni. Sista alipobandika cha pili asubuhi ile nilimshukuru, nikafika kibandani, nikazungushia gundi pembeni mwa kidude, mstari mmoja safi kabisa. Kugonga sikugonga. Akili kidogo nilikuwa nayo.

Kufikia saa tisa mkono uliwasha mpaka nikashindwa kushika nyundo. Kesho yake kidude kilitoka chenyewe na kikaondoka na kipande changu. Sista alinisafisha kidonda bila kunitazama.

"Mganga hajigangi, baba," akasema mwishowe. "Lakini wewe umezidi. Wewe unajiua kabisa."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameukumbatia mkoba wake. "Sista, hicho cha tatu mbandike mkono mwingine," akasema. "Halafu huu wa kufanyia kazi mfungie hapahapa kliniki."

Walicheka wote wawili. Mimi pia nilicheka, ila nikajisikia mdogo sana kwenye kile kiti.

*

Cha tatu kilibandikwa Jumamosi, plasta juu, na mke wangu akaniapisha nisiiguse. Sikuigusa. Ila Jumapili jioni, nikibadilisha shati, niliona ukingo mmoja wa plasta umenyanyuka, kiasi cha ukucha tu. Jasho hilo. Hapo nilishikwa na hofu ya kweli, siwafichi. Kliniki imefungwa. Kesho ni Jumatatu. Sare yake ya bluu alishaipiga pasi, imening'inia mlangoni, na yeye mwenyewe alikuwa anaimba jikoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mwezi mzima.

Ningemwita nikamwonyesha. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Mimi nilikwenda kibandani.

Nilichagua ngozi laini ya ndama niliyoiweka kwa ajili ya kiatu cha harusi. Nikakata mkanda wa upana wa vidole viwili, nikaushona kingo, nikautia bizimu ya chuma ya sandali ya kike, na nikatoboa matundu saba yaliyopangana sawasawa, maana mkono hunenepa na kukonda. Ulikuwa mzuri. Nasema bila haya, ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichoshona mwaka ule. Niliuvaa juu ya kidude nikaufunga tundu la tatu. Ningeweza kupigana mieleka.

"Huu ungeuuza," alisema fundi simu, jirani yangu wa kibanda, ndiye aliyetuunganishia simu zetu na kidude. "Watu wa sukari ni wengi. Utatajirika."

Nikaanza kufikiria bei.

"Sista amekubali?" mke wangu akauliza asubuhi, kiatu kimoja mguuni.

"Sista anajua sindano. Ngozi aniachie mimi."

Akatazama saa. Angekuwa na muda angebishana. Akaniambia nikae salama, akatoka mbio.

*

Yaliyotokea hotelini sikuyaona, lakini mke wangu akikusimulia jambo huna haja ya kuwapo.

Saa nne simu yake ililia katikati ya mashine. Sukari tatu nukta moja, na sista alishasema chini ya nne ni hatari, na mshale unaelekea chini. Yangu nayo ililia. Nilishtuka, maana sikusikia chochote mwilini, lakini si ndio ugonjwa wenyewe huo, kutosikia? Nikanunua soda, nikanywa yote. Kisha nikawaza: kidude kimelegea, hakisomi vizuri. Nikakaza mkanda, tundu la nne.

Baada ya nusu saa, mbili nukta nane.

Mke wangu akapiga. "Umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Mbona inashuka?"

"Sijui. Nanywa nyingine."

Akaja. Kilomita mbili, aproni imelowa, viatu vya plastiki vya kufulia miguuni, watu wanampisha njia. Alinikuta nimekaa raha mustarehe, chupa ya pili mkononi, nakata soli. Alinishika mashavu kwa mikono yake yenye povu, akanitazama macho, akaanza kulia kwa hasira.

"Uko salama?"

"Niko salama kabisa."

"Basi mbona inalia?"

"Kinacheza," nikamwambia, "lakini nimekikaza."

Jumanne ikalia tena, akaja tena. Jumatano, tundu la tano, ikalia mara mbili kabla ya saa sita. Mimi upande wangu nilikuwa nimemaliza kreti nusu. Miaka tisa sijaionja soda, sasa nakunywa kwa amri ya mashine! Nilikuwa nakojoa kila dakika na kiu haiishi, nikasema labda ni joto.

Hiyo Jumatano msimamizi alimsubiri mlangoni. Mke wangu anasema hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha.

"Mama, hapa kuna shuka mia mbili. Mume wako anakufa kila siku saa nne. Siku zote hizo hajafa. Leo nenda. Ukitoka tena katikati ya zamu, beba na vitu vyako."

Wenzake walikuwa wanasikiliza, na mmoja alicheka. Mke wangu alipita katikati yao ameinamisha kichwa, mtu ambaye ameifanya kazi hiyo miaka kumi na moja na hajawahi hata kuchelewa.

Alipofika hakuuliza niko salama. Alinikamata mkono akaniburuta mpaka kliniki.

Sista alinitoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kijiti. Kipimo kikasema ishirini na moja. Akarudia kidole kingine. Ishirini na moja. Kwenye simu yangu, dakika hiyohiyo, mbili nukta saba.

"Vua shati," akasema.

Nikavua. Aliuona mkanda. Aliufungua polepole, tundu la tano, na chini yake mkono ulikuwa na mfereji mwekundu, nyama imebonyea pande zote za kidude.

"Nilikwambia usikibane."

"Sikukibana. Nimekishikilia."

"Baba, ukiibana nyama hivi, kihisi hakisomi sukari ya mwili. Kinasoma sukari ya hicho kipande ulichokinyonga, na hapo haifiki vizuri. Hukuwa unashuka hata kidogo. Ulikuwa unapanda na kila soda. Ungezimika kwa juu badala ya chini."

Tulibaki tumekaa. Namba kwenye simu zikaanza kupanda zenyewe, taratibu, zikikifuata kipimo cha sista.

"Kwa hiyo kila kilipolia," mke wangu akasema, "yeye akakaza."

"Ndiyo, mama."

"Na alipokaza, kikalia."

"Ndiyo."

Alicheka kicheko kimoja kifupi kisicho na furaha. Sista aliniosha, akabandika plasta mpya, pana zaidi, akanipa nyingine mbili za akiba kwa mkono wa mke wangu. Kwangu mimi hakuzinyoosha hata kwa bahati mbaya.

*

Njiani alitembea mbele. Nilimwita mara mbili. Alisimama penye ukuta wa ghala, mahali hapana watu.

"Nimekimbia mtaani na aproni siku tatu," akasema. "Nimechekwa. Kwa ajili ya mkanda."

"Nisamehe, mke wangu."

"Unajua zile siku za kwenye ndoo? Nilichoka kuliko kufua. Shuka nafua, linatakata, nalikunja, limeisha. Wewe huishi. Nakutazama asubuhi, nakutazama mchana, na nikipepesa macho nadhani nitakukosa. Nilikuwa naitamani kazi yangu, unasikia? Nilifurahi Jumatatu. Nilifurahi kutokuwa na wewe, na hapohapo simu ikalia."

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba nagandisha kidude kwa ajili yake, apate kurudi kazini. Kumbe ningekwenda kwa sista kuomba plasta, dakika tano tu, yasingekuwepo yote haya. Nilichokuwa nalinda ni lile jina la Gundi. Nilimwambia hivyohivyo, palepale ukutani.

Akapangusa macho na ncha ya aproni. Tukaanza kupanga kama watu wazima. Kikilia, hatukiamini papo hapo, si mimi wala yeye; natoboa kidole kwanza. Ikiwa imeshuka kweli, nakunywa kitu chenye sukari na namtumia namba. Baada ya robo saa natuma ya pili. Fundi simu anakuja kukaa nami.

"Na nisipopata namba ndani ya dakika tano," akasema, "nakuja. Kazi na iende."

*

Ijumaa saa tano kasorobo, kililia.

Tatu na mshale chini. Nilitaka kucheka, nikasema kimerudia utoto wake. Nikapapasa mkono: hakuna mkanda, hakuna kilichobana, plasta imelala sawa. Nikatoboa kidole. Mara ya kwanza nilikosa tone, maana vidole havikuwa vinanitii. Mara ya pili kipimo kikasema mbili nukta sita.

Niliitazama ile namba kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Sukari ikishuka hata akili inakuwa goigoi. Nikapiga ukuta wa mbao, fundi simu akaja, akanifungulia soda, akanishikia chupa. Namba niliiandika mwenyewe. Niliandika 2.6, nikaandika nimekunywa, nikatuma. Ilinichukua dakika nne, fundi simu akinihesabia.

Kisha tukakaa. Na hapa ndipo niseme jambo la aibu kuliko yote niliyokwisha kuyataja, pamoja na msasa. Nilimtaka aje. Nilijua akija hana kazi, nilijua nyumba, nilijua insulini, na bado nilikaa pale najaribu kumeza soda huku nimeikazia macho barabara. Kila aliyetokea na nguo ya bluu, moyo uliruka. Alipita mpiga rangi. Alipita mwanafunzi. Nikasema moyoni, anakuja, hawezi kuacha kuja, huyu ni mke wangu.

Hakuja.

Baada ya robo saa nikatoboa tena. Nne nukta tatu. Nikatuma.

Alirudi saa kumi na mbili na robo, saa yake ya kawaida, mkoba begani. Aliketi kwenye kiti cha sebuleni bila kuvua viatu. Nilimletea maji. Akanywa nusu.

"Nilifika getini," akasema. "Aproni nimeshaivua, nimeikunja. Msimamizi amesimama kando, amekunja mikono, hasemi kitu. Namba yako ikaingia. Nikaisoma. Nikajua ni wewe uliyeandika, maana hujui kuweka nafasi kati ya maneno."

"Ukarudi ndani?"

"Sikurudi. Wala sikutoka. Nilisimama hapohapo getini robo saa nzima, mguu mmoja huku na mmoja huku, mpaka ya pili ikaingia. Ndipo nikavaa aproni." Akaizungusha bilauri mkononi. "Nilifua mpaka jioni nalia. Wakadhani ni sabuni."

"Nilikuwa naitazama barabara," nikamwambia. "Nilitaka uje."

"Najua."

"Nilitaka sana."

"Nimesema najua. Mimi pia nilitaka. Sikuja."

"Hukuja," nikasema. "Asante."

Alinitazama kama anayetafuta utani ndani ya hiyo asante. Haukuwepo. Akasema zamu ya Jumatatu ni ya alfajiri, kisha akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho, akalala palepale na viatu vyake, mimi nikiwa mbele yake, na hakunitazama tena mpaka asubuhi.